Maji Yapite Kwanza

Kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga kabla jogoo hajawika. Karambu aliushusha uji haraka, akajifunga leso. Furaha na hofu zilikuwa zikisukumana kifuani mwake. Leo maji yangefunguliwa kutoka mtoni kule juu, yashuke kwa bomba mpaka nyumba ya mwisho ya Mitunguu, kwa Nelius.

Nyumba hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Nelius alikuwa mjane, aliolewa huku kutoka Embu. Kamati ya zamani ya maji ilimwahidi bomba, yakaishia kwa majirani wa juu. Karambu alipochaguliwa mwenyekiti, alimshika mkono mbele ya kanisa zima akasema, "Yasipofika kwako, bado hatujamaliza."

Na kazi ilianza vibaya. Kila mtu alianza kuchimba mtaro wa bomba langoni kwake, jirani amwone. Vipande vya mtaro vikapishana kama mbuzi waliogombana. Karambu akawasimamisha. Wakavuta kamba moja kutoka mtoni, wakachimba pamoja wakishuka, na aliyekuwa mgonjwa alichimbiwa sehemu yake.

Asubuhi hiyo mabomba yalikuwa yamelala mtaroni, hayajafunikwa. Thuranira, mcheshi wa kikundi, alisimama na jembe, amevaa koti lake la kanisani.

"Mwenyekiti, tufukie! Afisa wa maji yuko njiani. Atadhani Wameru wamechimbia nyoka kaburi."

"Adhani tu. Maji yapite kwanza."

"Ungekuwa Nuhu wewe, safina ingekuwa bado inakaguliwa!"

"Na ungekuwa fundi wake, tungekuwa chakula cha samaki."

Watu wakacheka. Karambu akapaza sauti, "Fungua!" Neno likapokewa boma kwa boma kupanda mlima, mpaka kwa Makandi, aliyeshika koki kule mtoni.

Bomba likatetemeka. Likakohoa hewa.

"Yamepita kwa Riungu!" watoto walipiga kelele wakikimbia kando ya mtaro. "Yako kwa Muthamia!"

Hapo, katikati ya migomba ya Muthamia, kiungo cha bomba kilifyatuka. Maji yakaruka juu, udongo ukawa tope. Kule chini Nelius aliyaona. Akageuza ndoo yake, akaikalia.

Thuranira hakungoja kuambiwa. Alijitupa mtaroni na koti lake, akakibana kiungo kwa mikono miwili.

"Funga huko juu! Na mtu asinitajie koti!"

Kwa kuwa mtaro ulikuwa wazi, ubovu ulionekana palepale. Wakakata, wakapaka gundi. Gari la afisa likasikika likipanda.

"Gundi haijakauka," Karambu alisema. "Mgeni apewe uji."

Afisa akanywa, akaomba kikombe kingine. Gundi ilipokauka, neno likapanda tena mlima, na safari hii wote wakashuka mbio na maji. Mfereji wa Nelius ulikohoa, ukatema tope jekundu, kisha maji meupe yakamwagika! Vigelegele vikapasua bonde. Karambu alijikuta amemkumbatia afisa wa watu.

Nelius alikinga ndoo, akaenda moja kwa moja kwa Thuranira, akaanza kumwosha tope mikononi.

"Mama, maji ya kwanza ni yako!"

"Ni yangu. Ndiyo maana nayatumia nipendavyo. Lete mkono mwingine."

Jua lilipokuwa kali, mtaro ulikuwa umefukiwa na watu wanaondoka. Nelius alimfuata Karambu mpaka njiani, akamshika leso.

"Siku zote hizi mmekuja kwa sababu ya mtaro," alisema. "Sasa umekwisha. Mama, njoo tena Jumapili. Njoo bila jembe, tukae tu."