Dawa ya Mguu wa Wifi

Vidonge ishirini na kimoja havigawanyiki kwa wawili. Wifi yangu alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alinihesabia kumi, akajihesabia kumi, na kile kimoja kilichobaki akakifungua katikati na kumwaga unga wake kwenye maji ya kuku aliyekuwa amelegea mabawa. Kuku alipona. Sisi tulikuwa na kikohozi tu, nasi tukapona, tukaisifu dawa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kaka yake aliponiacha akaenda kuanza maisha kwingine, watu walingoja wifi naye afungashe vyake. Hakufungasha. "Kaka ni damu, sikatai," alisema, "lakini wewe nimeshakuzoea." Yeye alilima, mimi nikashona nguo za watu pale barazani. Tulikuwa na kitana kimoja, ndoo moja, na malapa ambayo kwake yalibana na kwangu yalipwaya.

Muuguzi wa zahanati alipokuja kutoa elimu ya afya, tulimsikiliza katika darasa la shule, tumejibana kwenye madawati ya watoto. Alichora ubaoni wadudu wa aina mbili, wale wanaokufa upesi na wale wagumu.

"Ukiiacha dawa katikati kwa sababu umepata nafuu, wagumu wanabaki, na siku nyingine ukiwaletea dawa ileile wanakucheka," alisema. "Na dawa aliyoandikiwa mtu ni ya huyo mtu. Msigawane."

Wifi akaniegemea sikioni. "Maskini, huyu hana ndugu."

Nilicheka mpaka muuguzi akanyamaza, akasubiri nimalize. Naona haya hadi leo.

Miezi michache baadaye jembe lilimkata wifi juu ya kisigino. Zahanati walimsafisha kidonda, wakampa vidonge vilevile tulivyozoea kugawana, vya rangi mbili, dozi ya siku saba, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Siku tatu zilipopita alikuwa anatembea bila kuchechemea. Ya nne niliamka na mafua, mafua ya kawaida kabisa, pua inatiririka na kichwa kizito. Alinikuta nimeinamia cherehani.

"Fungua mkono."

"Wifi, hizo si za mguu?"

"Mguu umeshashukuru. Meza."

Aliniwekea vidonge kumi na viwili kiganjani. Maneno ya muuguzi niliyakumbuka, sitadanganya, niliyakumbuka yote na michoro yake. Lakini kuukataa mkono ule niliona ni sawa na kumwambia arudi kwao. Nikameza cha kwanza mbele yake, na vilivyobaki nikavimeza kwa saa zake, kwa uaminifu ambao sijawahi kuuonyesha kwa kitu kingine. Nilikula dawa ya mguu wa wifi yangu kwa mafua ambayo yangeondoka yenyewe.

Kidonda kilirudi baada ya wiki mbili, safari hii kikiwa na harufu. Zahanati wakatupeleka hospitali. Akachomwa sindano za aina moja, kisha za aina nyingine, na homa haikushuka. Daktari aliniita kando ya kitanda, mtu mpole asiyepandisha sauti.

"Wadudu wa kidonda hiki wameshazizoea dawa tulizonazo. Ile dozi ya kwanza aliimaliza?"

"Aliimaliza," nikasema.

Wifi alikuwa macho. Hakunisuta. Daktari alipoondoka aliniuliza, "Yale mafua yalikuacha?"

"Yaliniacha."

"Basi."

Tulimzika wiki iliyofuata. Baada ya hapo nilirudi kwa yule daktari nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alisema hawezi kuapa kama ni vile kumi na viwili au ni miaka yote ya kukatisha dozi na kugawana. Ningefurahi kama angenigombeza.

Nilimfuata muuguzi, nikamwomba anishirikishe katika kazi yake. Tangu hapo, kila anapoitisha mkutano, mimi husimama baada yake na kusema neno moja tu: mimi ndiye niliyekula dawa ya wifi yangu. Watu wanaelewa kuliko walivyoelewa michoro, muuguzi mwenyewe anasema hivyo, na sasa wanarudi zahanati kuuliza kabla ya kumeza. Ila wananipisha njiani. Huniamkia kwa heshima zote, na nguo huleta, lakini hakuna anayekuja kuniomba hata chumvi.

Kisha akaja fundi viatu. Msumari ulikuwa umemchoma kidole, mkono ukavimba hadi kwenye kifundo, na zahanati wakamwandikia dozi ya siku saba. Alisimama barazani na pakiti yake.

"Mama, naomba unitunzie hizi. Kwangu tuko wanane. Nikiziweka kule, jioni hii nitakuwa nimeshamgawia mama mkwe na mbuzi."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Basi akawa anakuja kumezea kwangu, asubuhi, mchana, jioni. Nilimwekea kikombe chake. Alimeza, akafuta mdomo, akakaa kwenye benchi la wateja kunisimulia nani kaleta kiatu gani na kwa nini kisigino chake kimelika upande mmoja. Siku ya tano uvimbe ulikuwa umekwisha na akaja vilevile. Siku ya saba jioni alimeza cha mwisho, akanionyesha kiganja kitupu kama mtoto aliyemaliza uji.

"Umeniponya, mama."

Kesho yake nilifagia baraza mapema, nikachota maji, nikakaa kwenye cherehani nikiitazama njia. Saa moja ikapita, na saa mbili. Ilipokaribia saa tatu niliingiwa na wasiwasi, nikavaa viatu nimfuate kwake nikaone amepatwa na nini. Nilikuwa nimeshavuka kizingiti nilipokumbuka kwamba mtu wa watu amepona.