Pai ya Siku Mbaya

Mama yetu hakuwahi kutupa habari mbaya kwa mdomo. Alizioka.

Siku kiwanda kilipomfukuza baba kazi, tuliingia ndani tukakuta pai ya spinachi mezani, inafuka mvuke, na baba amekaa mbele yake kama mgeni. Siku bibi alipokufa, pai. Siku mwalimu mkuu alipomwita mama na kumwambia kwamba mimi na shule ndiyo basi, nilirudi nyumbani nimejiandaa kwa mkanda. Nikakuta pai. Mama akasema, "Kaa ule kwanza." Nilikula vipande viwili huku nalia, na mpaka leo sijui nililia kwa ajili ya shule au kwa sababu pai ilikuwa tamu.

Haikuwa chakula cha kitajiri. Unga, siagi, spinachi iliyochemshwa ikakamuliwa ndani ya kitambaa mpaka haina tone la maji, vitunguu, mayai, na jibini nyeupe ya chumvi ambayo hatukuinunua kwa kazi nyingine yoyote. Sinia lake lilikuwa la bati, pembe moja imebonyea. Mimi ni fundi wa bodi za magari. Mkate wangu ni kunyoosha vyuma vilivyobonyea, na sinia lile lilikuwa linanikera. Nilimwomba mara nyingi nimnyooshee.

"Liache," alikuwa akisema. "Hapo ndipo ninaposhikia."

Siku njema hakuipika hata moja. Mdogo wetu wa mwisho, tuliyemwita Mkia, aliwahi kuiomba siku yake ya kuzaliwa. Mama alimtazama kana kwamba ameagiza jeneza. "Usiniitie mabaya," akamwambia, akamkaangia kuku. Mkia alipokua akapata msemo wake: "Nyumba hii ikinukia jibini, tafuta viatu vyako."

Tena kulikuwa na sheria. Kisu alishika mama peke yake, na alikata vipande kulingana na watu wa nyumba. Aliyekuwa safarini, cha kwake kilikatwa kikafunikwa, hata kama kingeota ukungu. Usiku ambao baba hakurudi kutoka hospitali tulikalishwa mezani, mama akakata pai, akaweka kisu chini. Mimi, Dada na Mkia tukahesabu vipande. Kimoja kilikosekana. Ndivyo tulivyojua. Hakuna aliyetuambia neno.

Basi na sasa Mkia alikuwa amekufa.

Alikuwa fundi wa lifti. Aliingia ndani ya shimo la lifti kwenye jengo moja la ofisi, anafunga waya mpya, na mtu huko juu akawasha umeme ambao haukutakiwa kuwashwa. Sisemi zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyekwenda kumtambua, kwa sababu Dada hakuweza, na mumewe Dada, shemeji yangu, alianguka kwenye korido hata kabla hatujaufikia mlango. Ni mlinzi wa ghala la saruji, mwili kama kabati, lakini moyo ni wa kifaranga.

Mama alikuwa kitandani, nyumbani kwa Dada. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa ametuambia maneno mengi ambayo kwa ufupi yalikuwa haya: asishtuliwe. Kwa hiyo Dada alituita kikao, pale gereji kwangu, nyuma ya gari lisilo na milango.

"Mama hatajua," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate nguvu."

"Na mazishi?"

"Tutazika sisi. Baadaye tutamwambia polepole."

"Polepole vipi? Kwanza mguu, halafu mkono?"

"Shemeji, jamani," alisema shemeji.

"Nauliza tu. Mtoto wake anaingia ardhini, yeye yuko kitandani anauliza kama amekula?"

Dada alinisogelea. Ni dobi, mikono yake ni migumu kuliko yangu. "Sikiliza wewe Nyundo," alisema. Nyundo ndilo jina langu nyumbani. "Unataka kuzika mmoja au wawili?"

Nilifuta mikono kwa tambara la mafuta, nikakubali.

Tukaanza kudanganya. Mkia alikuwa na desturi ya kumpigia mama simu kila jioni, dakika chache tu, umekula nini, umelala vipi, Nyundo bado hajaoa tena? Jioni ya kwanza mama aliiweka simu kifuani, akangoja.

"Simu yake imeharibika, Mama," alisema Dada.

"Si aazime ya mwenzake?"

"Wako mbali, upande wa pili wa mji, wana kazi kubwa."

Jioni ya pili shemeji alitunong'oneza jikoni kwamba labda yeye apige, aigize sauti. "Mimi na marehemu sauti zetu zinakaribiana," alisema.

"Sauti yako ni ya mlango wa banda," nilimwambia. "Kaa chini."

Mama hakuuliza tena. Lakini aliacha kula. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Supu ilirudi na utando juu. Alikuwa amelala ubavu, anatazama ukuta, simu bado kifuani. Dada alimbembeleza kwa kijiko, mama akafunga mdomo kama mtoto. Dada naye akaanza kukonda. Alikuwa anafua mashuka ya hoteli mchana kutwa, anarudi, anadanganya, anakwenda bafuni kulia huku amefungulia maji.

Siku moja kabla ya mazishi nilipeleka suti ya Mkia chumba cha maiti. Nikawapa viatu pia, ingawa yule mhudumu alisema si lazima. Halafu nikapita kwa Dada, mchana, jua bado liko juu. Nilipofungua geti, harufu ilinisimamisha.

Jibini. Jibini, siagi na vitunguu.

Nilijikuta naangalia chini kama nimevaa viatu.

Jikoni Dada alikuwa amesimama mbele ya oveni, kitambaa mkononi, unga mpaka kwenye nyusi. Pai ilikuwa juu ya meza, kwenye lile sinia, imeiva vizuri, kingo zimekunjwa kama mama anavyozikunja.

"Umefanya nini?" nilisema.

"Hajala, Nyundo. Nilikuwa nafikiria kitu gani anaweza kula. Kitu cha kumpa faraja. Mikono yenyewe ikaanza."

"Hujampikia chakula. Umempikia habari."

Dada alinitazama. Halafu akaitazama pai, na nikaona jambo lenyewe linamwingia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Yeye ndiye aliyetuapisha. Yeye ndiye aliyefunga milango yote. Akakaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa kile kitambaa cha spinachi, cha kijani na kilichoroa.

"Funga mlango wa chumba chake," nilisema.

"Umefungwa."

"Fungua madirisha."

Shemeji aliamka kutoka kochini akaja mbio. Alipoelewa, akashika kikaango, akatupia vitunguu saumu kwenye mafuta ya moto mpaka vikaungua vikawa vyeusi. Eti harufu ifunike harufu. Sasa nyumba ilikuwa inanuka jibini na moto. Tulikuwa tunakohoa sote watatu. Nilibeba sinia niende nalo kwa fundi cherehani jirani yetu, anifichie, au ale, shauri yake. Nilikuwa nimefika mlangoni.

Ukuta ukagongwa. Ko, ko, ko. Fimbo ya mama.

Tulisimama kama wezi.

Ko, ko.

"Naam, Mama!" aliita Dada.

"Mnachoma nyumba?"

"Hapana, Mama. Ni vitunguu tu."

Kisha sauti yake, ndogo lakini iliyonyooka: "Leteni hiyo pai. Na kisu. Njooni wote."

Tuliingia tumepangana kama watoto, Dada mbele, mimi na sinia katikati, shemeji nyuma anapumua. Mama alikuwa ameshajiinua, ameegemea mto. Sikujua alipata wapi nguvu. Alinyoosha mikono. Nilimtandikia taulo mapajani nikaweka sinia juu yake. Akapapasa mpaka akapata ile pembe iliyobonyea, akaishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akamkunjulia Dada kiganja, na Dada akaweka kisu humo.

Hakukata. Alikishikilia kisu juu ya pai.

"Nikate vingapi?"

Tulikuwa wanne mle ndani. Yeye, Dada, mkwewe, mimi. Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, akamaliza, akabaki anatazama mlango kama kuna mtu ambaye angechelewa kidogo tu.

"Vitano, Mama," alisema Dada. "Kama kawaida. Kata vitano." Sauti yake ilipanda juu kwenye neno la mwisho.

Shemeji alikuwa anatazama dari.

Mama akanigeukia mimi. "Nyundo. Nimekuuliza wewe. Nikate vingapi?"

Nilimwona Dada kwa pembe ya jicho, anatikisa kichwa. Nilifikiria yale maneno yake, mmoja au wawili. Nilitazama kifua cha mama, kilivyo chembamba chini ya gauni la kulalia. Kweli inaweza kuua mtu. Nimeona gari likiuawa na pigo moja dogo mahali pabaya. Lakini kisu kilikuwa kimening'inia hewani, na kilikuwa hakiwezi kushuka mpaka mtu aseme namba.

"Vinne, Mama."

Dada alitoa sauti moja, siyo kilio hasa.

Mama alifumba macho. Tulingoja. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, naona kifua kinashuka, nangoja kama kitapanda tena. Kikapanda. Akafumbua macho, akashusha kisu. Akakata mara moja katikati, akageuza sinia kwa kuishika pembe yake, akakata tena. Vinne. Mistari ilinyooka kuliko ambavyo mimi ningeikata.

"Kaeni mle kwanza," alisema.

Tukakaa. Shemeji sakafuni, Dada kitandani miguuni pa mama, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tukala. Mama naye alikula, kwa mkono, vipande vidogo vidogo, anatafuna muda mrefu. Shemeji alikuwa analia waziwazi na anatafuna, makombo yanamwanguka kwenye sare yake. Mama akafika nusu ya kipande chake.

"Spinachi haikukamuliwa," alisema. "Unga wa chini umelowa."

"Nilikuwa naharakisha, Mama."

"Ulitumia vidole."

"Nilitumia kitambaa."

"Ulitumia vidole halafu kitambaa." Akameza. "Yuko wapi?"

"Chumba cha maiti," nilisema. "Ilikuwa kazini. Lifti. Tunazika kesho."

"Kesho." Alilirudia neno lile kama analipima uzito. "Na mimi mlitaka niwe wapi kesho?"

Dada aliweka kipande chake chini.

"Daktari alisema usishtuliwe, Mama," alisema. "Tuliogopa."

"Nimeshtuka siku ile ile aliposhindwa kupiga. Simu imeharibika! Mtoto huyo angetembea kwa miguu aje kuniuliza nimekula nini." Akajifuta vidole kwenye taulo, kimoja kimoja. "Nimelala hapa nangoja mmoja wenu awe na adabu ya kunipikia."

Kisha akalia. Hakupiga kelele. Mdomo ulikuwa bado na chakula, na Dada akamwekea kiganja chini ya kidevu kama anavyowekewa mtoto mchanga.

Kesho yake tulimbeba kwa kiti cha plastiki, mimi upande mmoja na shemeji upande mwingine. Alivaa viatu vyake vyeusi. Makaburini kulikuwa na upepo na vumbi jekundu, na mafundi wenzake Mkia walikuja na ovaroli zao, wamesimama mbali kidogo kama wenye hatia. Mama aliomba asogezwe karibu na shimo. Alitazama mpaka udongo ulipojaa. Moyo haukusimama. Sijui kama hilo lilikuwa jambo jema kwake.

Tuliporudi aliniita. Sinia lilikuwa limeshaoshwa, limeegemezwa dirishani.

"Lichukue," alisema. "Ukalinyooshe sasa."

"Utashikia wapi, Mama?"

"Sitapika tena. Nikate nini tena? Linyooshe, mpe dada yako aokee mikate."

Nimelichukua. Liko gereji, limetundikwa kwenye msumari karibu na nyundo ndogo za kumalizia. Ni kazi ya dakika chache, chuma chenyewe ni laini. Kila ninapokwenda kumwona huniuliza, akiwa bado kitandani, simu kifuani ingawa hailii tena.

"Umelinyoosha?"

"Bado, Mama. Kazi ni nyingi."

Mimi si hodari wa uongo, na gereji haina gari hata moja wiki hii. Ananitazama, halafu anageukia ukuta, na hanidai.