Kava ya Taa ya Percy

Mwenye nyumba alipoiuza nyumba niliyopanga miaka thelathini na moja, aliniandikia barua ya kunitakia heri katika maisha mapya. Maisha mapya yenyewe ni chumba na sebule ghorofa ya nne, Halifax hiihii, dirisha likitazama ukuta wa kiwanda cha mazulia nilikofanya kazi tangu nina miaka kumi na sita. Barua ninayo bado. Barua za watu wa namna ile huwa sizitupi.

Mimi nilivumilia. Percy hakuweza. Percy ni kobe. Baba alimnunua sokoni mwaka 1963, kutoka kwenye kreti la makobe waliorundikwa kama viazi. Waliletwa kwa meli kutoka Moroko, na wengi wao hawakumaliza majira ya baridi ya kwanza. Aliyewauza hakuulizwa na mtu. Percy aliishi kwa sababu tulikuwa na bustani, kwa Baba na baadaye kwenye nyumba ya kupanga, na bustani ilikuwa na jua, hata hili jua letu la Yorkshire la kuombwaombwa.

Mwaka wa kwanza wa ghorofani aliumaliza kwa shida. Mwezi wa pili nilimtoa kwenye friji, anakolala usingizi wake wa miezi ya baridi bila kula, kama wafugaji wa kobe wafanyavyo huku, nikamwogesha maji ya vuguvugu, nikamwekea majani. Hakula. Siku ya tisa nilibonyeza ukingo wa gamba lake kwa kidole gumba, ukabonyea.

"Mchana anakaa wapi?" daktari wa wanyama aliniuliza.

"Dirishani. Anapata mwanga wote unaoingia."

"Kioo kinapitisha mwanga, Bi Sugden, lakini kinazuia ile mionzi ya jua anayoihitaji kujenga mfupa. Kwake dirisha lililofungwa ni sawa na ukuta."

Alinipa unga wa kalsiamu wa kunyunyizia chakula, akanipa na wiki sita. Nitafute taa ya mionzi hiyo, ya kweli, si ya mapambo. Wiki sita zikiisha na Percy bado hali, gamba likizidi kulainika, itabidi aende kwa mtu mwenye bustani na taa za uhakika. Mtu huyo sote wawili tulimjua: Bi Hepworth, katibu wa chama cha wafuga kobe, mwenye makobe kumi na tisa na nafasi ya wa ishirini.

Taa ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa pauni nne. Ilitoa mwanga wa zambarau. Nilimwita Raymond Ogden wa ghorofa ya pili, aliyekuwa fundi umeme pale kiwandani, aje aifunge. Aliigeuzageuza mkononi.

"Dada Win, hii ni ya kukaushia rangi ya kucha."

"Imeandikwa UV, mionzi yenyewe."

"Na shati langu limeandikwa Hawaii."

Basi nikaenda maktaba, kama nilivyofanya siku zote walipotaka kuniuzia uongo, nikasoma siku tatu. Balbu ndogo za kujisokota ni rahisi, pauni kumi na mbili, lakini mionzi yake inafika mahali padogo kama sahani. Kobe akijisogeza hatua mbili yuko gizani. Zile kubwa za zebaki zinatoa joto na mionzi kwa pamoja, ila ni pauni arobaini na tano, zinataka holda ya kauri, na hazikubali kupunguzwa joto. Tyubu ndefu ya taa yenye bati la kuakisi nyuma yake inamwaga mionzi kwenye nusu nzima ya boksi anamokaa kobe. Dukani, seti yake ilikuwa pauni sabini. Nilimuuliza kijana wa duka anieleze kwa nini bati na nyaya ni ghali kuliko meza yangu. Akasema hiyo ni bei ya wanyama. Nikamwambia wanyama hawapangi bei.

Chama kilikuwa na fremu iliyotumika, pauni kumi na tano. Tyubu nilinunua mpya, pauni ishirini na mbili, kwa sababu tyubu kuukuu huendelea kuwaka huku mionzi imeshakwisha. Joto tungelipata kwa balbu ya kawaida. Raymond aliipima fremu, akasema nyaya ni nzima.

"Tyubu haikai wazi nyumbani kwangu," nilimwambia.

"Nilijua," alisema. Kava ya plastiki angavu alikuwa nayo tayari kwapani.

Hapa lazima niseme habari ya Sheila Barraclough. Mwaka 1974 tyubu ya taa ilipasuka juu ya mashine yake pale kiwandani na vipande vikaingia jicho la kushoto. Meneja akaiita bahati mbaya. Tulisimamisha mashine siku kumi na moja, mimi nikiwa mbele, na siku ya kumi na mbili walikubali kuweka kava kwenye kila tyubu mle ndani. Aliyezifunga ni Raymond, akiwa bado mwanagenzi. Tangu hapo, mimi na yeye hatujaweza kuketi chini ya tyubu isiyo na kava.

Wiki nne kati ya zile sita zikapita. Taa iliwaka saa kumi na mbili kwa siku. Percy alikula jani moja, akaacha mawili. Gamba lilibonyea zaidi. Nilimwogesha, nikampima uzito, nikaandika namba, na kila namba ilikuwa ndogo kuliko ya jana yake.

Bi Hepworth alikuja Jumanne na sanduku lenye nyasi kavu.

"Nimekuja kumsalimia tu, Winifred mpenzi."

"Na sanduku?"

"Sanduku hukaa garini siku zote."

"Leo limetoka."

Alitoa kipimo cha mionzi, kidogo kama simu, akakishika pale Percy anapokaa. Kilisoma sifuri. Akakisogeza. Sifuri.

"Hicho kimekufa," nilisema.

"Asubuhi nimekitumia kwangu." Akatazama juu. "Hiyo plastiki ni ya nini?"

Raymond, aliyekuwa amepanda kunywa chai, hakungoja kuambiwa. Alibana vishikizo viwili, kava ikatoka. Namba zikapanda: moja, mbili, mbili nukta tisa. Tulizitazama sote watatu.

"Niliyeifunga ni mimi," alisema Raymond.

"Niliyetaka ifungwe ni mimi."

Ubaya wa kioo cha dirisha nilikuwa nimeuelewa vizuri, halafu nikautundika uleule juu ya kichwa cha Percy. Nimezoea kuwa na mtu wa kumkasirikia. Siku ile hakukuwepo.

"Iache wazi tu," alisema Bi Hepworth. "Zangu zote ziko wazi."

"Sheila hana jicho."

"Sheila gani?"

"Usimwanzishe, mama," Raymond akamwambia. "Hutatoka hapa leo." Alishuka kwake, akarudi na wavu wa nyaya wa kufugia sungura, akaukata, akaukunja, akaufunga chini ya tyubu. Tyubu ikipasuka, vipande vikubwa vitabaki juu. Kipimo kikasoma mbili kasoro. Tukaishusha taa upana wa kiganja, kikasoma mbili nukta saba.

"Zimebaki wiki mbili," Bi Hepworth alisema. "Sitaki kumchukua akiwa amechelewa."

"Hata mimi sitaki."

Aliniachia kipimo, akaondoka na sanduku lake.

Siku ya tano Percy alimaliza majani yote. Siku ya nane alidai mengine kwa kugonga ukuta wa boksi. Siku ya kumi na nne nilimpeleka kwa daktari, Raymond akinisindikiza kwa basi.

Mizani ilionyesha ameongezeka gramu kumi na nne. Daktari akabonyeza ukingo wa gamba. Nilitazama kidole chake, si uso. Nyuso za watu wenye uamuzi nimeshajifunza kutozitegemea.

"Bado laini," alisema. "Mfupa ni kazi ya miezi. Lakini hajazidi kulainika, na anakula. Abaki kwako. Mwezi wa sita nimwone tena."

Kwenye chumba cha kungojea, Raymond alikuwa amekaa kati ya mbwa wawili wa watu.

"Vipi?"

"Anabaki."

"Basi la saa tano tunaliwahi tukienda sasa."

Nyumbani nilimweka Percy mwisho wa boksi, mbali na taa, nione kama ataifuata mwenyewe. Alikaa kidogo, akatembea mwenyewe mpaka chini ya wavu, akanyoosha shingo na miguu ya nyuma, kama alivyokuwa akiota jua bustanini. Nikavuta kiti, nikakaa, ndipo nikavua koti.