Kisima cha Kanisani Ipyana

Mafuriko yalipopungua, Kisa alipima maji ya visima vyote vya Ipyana, vilivyokuwa vimefungwa tangu maji yajae. Alifanya kazi katika mradi mdogo wa maji, ofisi yao ikiwa Bondeni, mjini Kyela. Matokeo aliyaingiza kwenye mfumo wa kompyuta, nao ukayapaka rangi: kisima salama kijani, kilichoingiwa na maji ya vyoo chekundu. Neno "hatari" halikuandikwa popote. Akapakua jedwali kama faili la Excel, akamtumia Aliko, msimamizi wa visima kule Ipyana, na kumwambia afungue vyote, vyekundu tu vibaki vimefungwa.

Kesho yake mama yake alimpigia simu.

"Ndaga, asante mwanangu. Tumefunguliwa kisima cha kanisani. Nimekunywa maji bila kuchemsha, kuni zote zimelowa."

"Nani kakifungua, mama?"

"Aliko. Anasema kwenye faili lako hakuna chekundu hata kimoja."

Kisa alilifungua faili. Majina ya visima yalikuwepo, namba zilikuwepo, lakini jedwali zima lilikuwa jeupe. Mfumo ulikuwa umepakua maandishi tu na kuziacha rangi. Kwenye mfumo, kisima cha kanisani kilikuwa chekundu. Simu ya Aliko haikupatikana, akakodi bodaboda.

Alimkuta Aliko kisimani, wanawake wakiwa bado wanachota.

"Dada, mimi sikuona chekundu," alisema Aliko.

"Rangi hazikuja na faili. Kifunge. Wamechota wangapi?"

Aliko alikifunga kisima, akashika njia inayoelekea majumbani.

Walipita nyumba kwa nyumba wakimwaga maji. Kwa Mzee Hezroni mlango ulikuwa umefungwa. Yeye na mkewe walikuwa shambani kwenye kakao, na dumu la maji walikuwa wamekwenda nalo.

Jioni mama yake Kisa alianza kuharisha. Kituo cha afya walimtundikia dripu. Kisa alimshika vidole, vilikuwa baridi na vimesinyaa, na kila mama alipofumba macho alimwita jina ili ayafumbue tena. Mama alipona. Mzee Hezroni aliletwa amechelewa, akafariki kabla hajapata dripu.

Kisa alirudi kwenye mfumo, akaandika "HATARI, USINYWE" mbele ya kila kisima kibaya. Safari hii alilifungua kwanza faili lililopakuliwa, akalisoma mstari kwa mstari, ndipo akalituma.

Kisha akaenda msibani. Alimweleza mjane, Bibi Lucy, kila kitu: jedwali, rangi, na kwamba hakulikagua faili kabla ya kulituma. Bibi Lucy alisikiliza bila kumkatiza, mkono wake ukiwa tumboni.

"Tulikunywa maji ya dumu lile lile," alisema taratibu. "Nami tumbo linakata tangu asubuhi. Sikutaka kuwasumbua waombolezaji."

Kisa alimwinua, akamshika kiuno, wakatoka kuelekea barabarani kutafuta bodaboda ya kwenda kituo cha afya.