Moshi wa Bibi Kezia

Jumatatu asubuhi Bibi Kezia alipasua samoni kumi na wanane, akawatundika kwenye kichanja, akawasha kuni za mwerebi chini yao. Moto uliwaka vizuri. Moshi haukutoka.

Ulikuwa unatokea upande wa juu wa mto, kule Tr'ochëk, kambi yetu ya uvuvi, tulikokaa sisi wenyeji kabla ya wachimba dhahabu kuja. Sisi tuliambiwa tuhamie huku chini. Moshi hakuna aliyeuambia.

Nzi, wao walifika bila kuelekezwa. Samaki asiyepata moshi huoza, na Bibi Kezia alikuwa na wajukuu wanne na miezi minane ya theluji mbele yake. Akapakia samaki mtumbwini, akapiga pondo kuufuata moshi wake.

Pale palipokuwa na kibanda chake sasa palikuwa na nyumba ya wageni ya Ekdahl, Mswidi aliyevuka milima kutafuta dhahabu, akaona afadhali awauzie vitanda wanaoitafuta. Moshi ulipenya kwenye mbao za sakafu, chumba namba nne. Wapangaji watatu walikuwa wanakohoa.

"Bibi, huu moshi wako?"

"Wangu. Mkaidi hivi, ungekuwa wa nani tena?"

"Basi uite, uende nao!"

"Nimeuita tangu asubuhi. Hebu ita wewe, labda mgeni atasikilizwa."

Ekdahl, mtu mwema kwa kweli, akapiga magoti akauita uvunguni. Wapi! Bibi Kezia akapanda kitandani, akaanza kutundika samaki darini.

Wapangaji walinung'unika siku mbili. Siku ya tatu waligundua kwamba mbu hawaingii, na kitanda cha namba nne kikawa kinagombaniwa. Dhahabu hawakupata, lakini angalau walinukia.

Samaki walipokauka, wekundu, wa kupendeza, akaja karani wa serikali na daftari lake. Akanusa, akapima vigingi vya mpaka wa kiwanja cha Ekdahl, akaandika. Kinachotoka ndani ya vigingi ni mali ya mwenye vigingi, iwe dhahabu, iwe moshi. Kwa hiyo kila samaki wa tatu abaki kwa Ekdahl.

"Na kuni je?" Bibi Kezia akauliza.

"Kuni ni zako, bibi," karani akasema kwa upole. "Serikali haichukui cha mtu."

Majira yale ya baridi wajukuu walikula kwa kupimiwa. Iliniuma mimi jirani yake, nami nilikuwa na samaki wachache mno wa kumgawia.

Dhahabu ilikwisha, wachimbaji wakaenda zao. Vigingi vimebaki, Ekdahl naye amebaki. Kila Julai Bibi Kezia huwasha moto huku, moshi hutoka kule, naye hupakia samaki akaufuata. Hupitia mlango wa nyuma, hatua kumi kutoka mahali alipozaliwa, akabisha hodi, akangoja.

"Karibu, bibi, karibu," Ekdahl humwambia, na humwambia kwa moyo. "Hapa ni kama kwako."

Bibi Kezia humshukuru, hufuta miguu, huingia.