Herufi ya Sita

001

Saa saba mchana. Giza.

Hapo juu hakuna kosa la uchapaji. Mwezi huu, huku Finnmark, juu kabisa ya Norwei, jua halichomozi. Huja mpaka ukingoni, likapiga chafya ya rangi ya waridi nyuma ya milima, likarudi lilikotoka. Wenyeji wamezoea. Kalunde ni mtu wa Tabora.

Hajazoea.

002

TANGAZO KWA WASHIRIKI WOTE

1. Shindano la redio litaanza Jumamosi saa saba kamili mchana na kumalizika Jumapili saa kumi na mbili kamili jioni.
2. Mawasiliano yatafanyika kwa Morse pekee, katika mkanda wa mawimbi ya mita 160.
3. Kila mshiriki atamtumia mwenzake: (a) jina lake la hewani, (b) ripoti ya usikivu, (c) namba ya mfululizo ya mawasiliano yake.
4. Mazungumzo mengine ya aina yoyote hayaruhusiwi. Kituo kitakachokiuka kitafutwa katika matokeo.

003

(Namba unazoziona juu ya kila kipande ndizo hizo za kipengele cha tatu. Tunahesabu watu tuliowapata. Ukiona namba imesimama, ujue hewa imekufa.)

Kalunde Mihayo, binti wa karani wa simu za Morse wa stesheni ya Tabora, alikwenda Norwei kuogesha wazee wa watu. Siku tano za juma huwaogesha, huwavisha, huwasugua visigino. Huko kwenye nyumba ya wazee ndiko alikomkuta Oddvar, fundi mitambo wa kiwanda cha samaki, amekuja kumwona mama yake. Oddvar alikuwa akigonga kijiko kwenye kikombe bila kujijua, anaandika kwa Morse, kwa nukta na vistari, tusi zito la kuilaani kahawa. Kalunde alikuwa anafuta meza ya pili. Akaokota kijiko.

Ko. Ko-ko. *Adabu. Mama yako anasikia.*

Oddvar alimwaga kikombe kizima.

Huu ni mwaka wa tatu wanashindana pamoja. Hawajawahi kushinda. Kutoka huku juu hashindi mtu.

038

Vilivyomo kibandani:

redio moja, na waya mrefu wa antena uliolazwa juu ya theluji kama kamba ya kuanikia nguo iliyoanguka
kibonyezo cha shaba cha Morse, zawadi ya Baba, kilichosafiri kutoka Tabora ndani ya soksi
hita moja na mashine moja ya kurekodi, zote kwenye ekstensheni moja
Oddvar
kreti ya samaki. Ndani ya kreti ngozi ya kulungu. Ndani ya ngozi, Baba

Usichanganyikiwe. Huyu Baba wa kwenye kreti ana miezi saba. Amepewa jina la babu yake, Mihayo, na mtoto mwenye jina la baba yako humwiti kavukavu. Mwanamume aliyezaa na Kalunde yuko baharini anavua kaa, hadi mwezi ujao.

"Amelala?" anauliza Oddvar. Ndilo neno pekee la Kiswahili analolijua, na analipenda, analitamka kama mtu anayeonja asali.

"Amelala."

Wanafanya kazi.

071

*Kutoka kwa Nyamizi, mdogo wake Kalunde, kwa simu:*

Jumatatu. Baba nzuri tu dada. Amelala

Alhamisi. Amelala sasa hivi tu

Jumapili. Katoka kutembea kachoka. Amelala

Jumatano. We dada na wewe!! Nyonyesha mtoto. Baba nzuri. Amelala

Wiki tatu.

Mtu gani huyo analala kila anapopigiwa na mwanawe?

089

(sauti iliyosikika nyuma ya simu ya Nyamizi, sauti ya shangazi, kabla simu haijakatika)

"—na usithubutu kumwambia, ananyonyesha yule, maziwa yatakauka, mtoto wa watu atakunywa nini huko kwenye barafu, wewe mwambie tu—"

090

Sasa msomaji unajua anachokijua Kalunde. Kuna kitu. Hajui ni kikubwa kiasi gani.

Ndege ndogo huondoka Jumatatu asubuhi. Ikishaondoka hiyo, nyingine Ijumaa. Imebaki nafasi moja, na dada wa ofisi ya ndege amekubali kuishikilia mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni. Likizo ya dharura kazini hutolewa mara moja kwa mwaka. Akiitumia kwa mafua ya mzee, ikija kubwa hatakuwa nayo.

Aende au asiende.

Simu imemwambia *nzuri* mara tisa. Lakini Baba ana simu yake ya upepo, redio kama hii, waya wake umefungwa kutoka kwenye mwarobaini hadi tangi la maji la stesheni, na kila mwaka, siku ya shindano, jua linapozama Tabora, baba na binti hukutana hewani kwa sekunde kumi.

Mdomo unaweza kufundishwa cha kusema. Mkono kwenye kibonyezo, aa. Mkono wa Baba, Kalunde anaujua kama anavyojua kikohozi chake: kistari cha mwisho hukivuta kidogo, kama mtu anayechelewa kuuachia mkono wa mgeni.

Akiusikia mkono huo tu.

104

Jambo la kuchekesha kuhusu kipengele 3(b).

Ripoti ya usikivu ni tarakimu tatu. 599 maana yake nakusikia vizuri kabisa. Kwa haraka huandikwa 5NN. Na kwenye shindano kila mtu humpa kila mtu 5NN. Humsikii? 5NN. Anakoroma chini ya radi? 5NN. *Rudia jina lako, sijalipata, 5NN.*

Kalunde alipofundishwa hilo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa cha kuchekesha nini?" Oddvar akauliza.

"Kwetu tunayo hiyo. Tunaiita *nzuri*."

Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za mgonjwa? Nzuri, ila hali chakula. Habari za msiba? Nzuri, ila ndiyo hivyo tumeshazika.

"Kwa hiyo mnadanganyana," akasema Oddvar, ambaye akiulizwa habari husema *mgongo unaniuma* na kuondoka.

"Hatudanganyani. Baba anasema, nzuri ni mlango. Nyumba iko nyuma ya *ila*."

112

Jumamosi, saa kumi na dakika hamsini jioni. Jua linazama Tabora.

112

Na nje, juu ya kibanda, mianga ya kaskazini inafunguka. Kijani. Zambarau. Inapepea kama kanga za harusi nzima zimeanikwa mbinguni. Ni nzuri. Inameza kila wimbi la redio linalopita chini yake.

112

"Kuna watalii huko barabarani wanalia kwa furaha," anasema Oddvar, anavua hedifoni. "Na mimi nalia. Wao wamelipia."

112

shhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhh

112

Baba (wa Tabora) hakusikika.

Baba (wa kwenye kreti) alisikika mpaka baharini.

197

RATIBA YA KALUNDE, JUMAMOSI JIONI HADI JUMAPILI MCHANA

Ziwa la kushoto. Masaa mawili kwenye kibonyezo. Ziwa la kulia. Nepi. Supu ya samaki, imepoa. Masaa mawili. Ziwa la kushoto, huku mkono wa kulia unaandika majina ya Wajapani. Macho yamefumba, sikio halijafumba. Nepi. Kulala dakika arobaini, kuota kisigino cha mzee kinagonga nukta na vistari. Ziwa

lipi?

Hakumbuki. Maziwa yapo bado. Mwambieni shangazi, maziwa yapo.

256

Darasa la Baba, Tabora, zamani. Mezani mabinti wawili na ukucha wa kidole.

Nukta ni fupi, kistari ni kirefu. Herufi hazisomwi, huimbwa.

L: fupi, ndefu, fupi, fupi. *Ku-laaa-la-tu.*

Z: ndefu, ndefu, fupi, fupi. *Ziii-maaa-te-na.*

"Mnaona? Zinafanana kama nyinyi wawili. Tofauti ni pumzi ya kwanza tu. Ukiikosa pumzi ya kwanza umempa mtu neno lingine."

Kalunde aliimba. Nyamizi, miaka sita, aliziba masikio. "Mimi sitaki lugha ya vigong'ota!" Akakimbilia nje, na hakurudi mezani pale tena.

340

Jumapili, saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni. Mianga imelegea. Hewa imetulia kama maji ya mtungi.

Chini kabisa, chini ya kila kitu, mtu anaita.

Tano. H. Tanzania. Na herufi zinazofuata ni za Baba, jina lake la hewani, moja

moja

moja.

"Ndiye!" Oddvar amesimama, kiti kimeanguka. "Tanzania! Nchi mpya inatuzidishia alama, Kalunde, kwa mara ya kwanza tuko wa kwanza Ulaya nzima, mchukue, mchukue!"

Kalunde hajagusa kibonyezo.

Si mkono wake.

Hauna kuvuta kwa mwisho. Unavuta mwanzoni. Kila herufi inaanza kwa uzito, kama mtu anayebeba ndoo ya kwanza. Huu ni mkono wa mtu anayehesabu. Huu ni mkono wa mtu aliyejifunza juzi.

Akatuma ripoti yake. 5NN 340.

Jibu likaja, linachechemea:

5NN 001

Sifuri sifuri moja.

Baba yake, saa hizi, angekuwa amepata watu mia. Aliyekaa mbele ya redio ya Baba hajaongea na mtu yeyote tangu jana. Amekaa anamsubiri mtu mmoja. Ampe *nzuri*.

340

Nyamizi. Wewe kigong'ota. Wewe.

340

Sasa yaliyobaki, kwa mujibu wa sheria, ni kusema asante na kumwita mwingine.

Kalunde akaweka kidole kwenye shaba ya Baba.

ILA?

340

Oddvar aliisikia. Kiswahili hakijui, lakini Morse anaijua, na *ila* si namba.

"Hiyo ni nini?"

Kalunde hakuondoa kidole kwenye shaba.

"Kipengele cha nne, Kalunde. Watatufuta." Kisha akamtazama usoni, na miaka yake thelathini na moja ya kushindwa mashindano haya ikapita kwenye macho yake, ikakaa pembeni. "Ni nyumbani?"

"Ni nyumbani."

Hita ilikuwa inanguruma. Oddvar akainama, akachomoa ekstensheni ukutani ili sauti isafike. Baridi ikaingia. Kibanda kikawa kimya kiasi cha kusikia mtoto akipumua kwenye kreti.

"Uliza tena," akasema.

ILA?

340

A

M

E

340

Msomaji, simama hapa na Kalunde. Kwa Kiswahili, *ame* ni mlango wenye vyumba vingi. Amepona. Amekaa hapa. Ame

340

L

A

340

Amela. Vyumba vimebaki viwili.

*Amelala*: lile lile la wiki tatu. Na neno hilo lina maana ya pili, ambayo watu huitumia wasipotaka kulitaja lenyewe.

*Amelazwa*: yuko hospitali. Kitandani. Anapumua. Anaweza kukutwa.

Nani angedhani iko siku mtu ataomba, kwa moyo wake wote, neno la hospitali?

Herufi ya sita ikaanza. Pumzi yake ya kwanza

 ndefu, ndefu ya Z?

 au fupi ya L, ikabebwa kama ndoo, na mkono unaoelemea kila mwanzo?

halafu ndefu. Fupi. Fupi.

shhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhhh

Kijani. Zambarau. Kanga za harusi.

340

"Amelala!" Oddvar anaonyesha daftari kwa fahari. "Nalijua hilo. Nimeliandika."

"Umelisikia, au umelijaza?"

Oddvar akafungua mdomo. Katika kazi hii hakuna swali la aibu kuliko hilo. Akalitazama neno aliloandika kwa mwandiko wake mzuri, herufi saba, na akahesabu kwa kidole alizozipokea kweli.

"Tano," akasema polepole. "Na nusu."

"Turudishe rekodi."

Oddvar akatazama mashine ya kurekodi. Taa yake imezima. Akaufuata waya kwa macho, mpaka kwenye ekstensheni, mpaka mkononi mwake.

"Kalunde. Mimi nilitaka tu usikie."

"Najua."

"Mimi—"

"Najua, Oddvar. Keti."

Akaketi. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee wa kuogeshwa.

340

Saa kumi na moja na dakika ishirini. Bado dakika arobaini kwa vyote viwili, shindano na ndege.

Kalunde anajumlisha alivyonavyo, maana amechoka na mtu aliyechoka hujumlisha vidogo.

Mtu hajifunzi Morse peke yake kwa wiki tatu. Kuna aliyemfundisha. Amemgongea kwa ukucha, mezani au kwenye chuma cha kitanda: *ku-laaa-la-tu, ziii-maaa-te-na, rudia mwanangu, pumzi ya kwanza.* Basi wiki hizi, siku fulani, ukucha ulikuwa hai.

Siku gani?

Baba ameamka kwenye kreti. Analia, na kanzu ya Kalunde inalowa upande wa kushoto.

Ziwa la kushoto. Sasa amekumbuka.

341

Akampakata. Akaipiga simu kwa mkono uliobaki. Oddvar alikuwa ameshashika simu yake pia, namba ya ofisi ya ndege iko kwenye kioo, kidole kiko juu yake, anasubiri kuambiwa.

Iliita mara moja tu.

"Dada," ikasema sauti ya Nyamizi, na nyuma yake hapakuwa na shangazi, hapakuwa na mtu.

"Mkono wako mbaya."

Kicheko, au kitu kilichovaa nguo za kicheko.

"Kama vigong'ota wamelewa," Kalunde akasema. "Lakini nilikusikia. Mdogo wangu, nilikusikia mpaka huku mwisho wa dunia. Sasa nisikilize. Mtoto ananyonya hapa, maziwa yapo, hayaendi popote. Usinipe mlango leo. Nipe nyumba."

Kimya.

Kimya kile Kalunde anakijua. Kila mpiga Morse anakijua. Ni kile kinachokaa kati ya mkono na kibonyezo.

Akafumba macho. Akabana simu sikioni. Mbali kule, Tabora, mdomo ukafunguka, na Kalunde akaisubiri pumzi ya kwanza, kama ni fupi, au