Shaba Chini ya Mama Ngina

Sijui kuogelea, na mpaka leo nikisikia ndoo ikijaa maji bafuni moyo hunienda mbio. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, mbali na ufuo. Bahari kwangu ni kitu cha kutazama kutoka juu, kachiri za muhogo mkononi. Rafiki yangu Jamaldin, fundi redio wa mtaa wa Kuze, alilijua hilo tangu tulipojuana. Mashine ya kutafutia vyuma ardhini aliiunda mwenyewe kwa nyaya na spika mbovu, ikamchukua miezi saba. Ikikaribia chuma hulia kama mbuzi mwenye njaa.

Jumamosi ile tulishuka kwa ngazi hadi chini ya magenge ya bustani ya Mama Ngina, tukazunguka ncha ya mwamba hadi kwenye kipande cha mchanga kinachoonekana maji yakipwa tu. Nilimuuliza mara mbili maji yatarudi saa ngapi. Akanicheka. Babu yake, baharia, alimfundisha kujua maji kwa kuhesabu siku za mwezi, na kwa hesabu hiyo yangegeuka saa tano na nusu, na pale kwenye ncha pangepitika hadi saa sita na nusu. Nami, mpumbavu, nikamwamini mtu kwa sababu ya babu yake.

Mashine ililia karibu na jabali. Tulichimba kwa mwiko wa mwashi, tukatoa vipande vya shaba vya mviringo, vipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, vina tundu katikati na namba upande mmoja. Jamaldin alisema huenda ni vya mahamali wa zamani: kila gunia ulilobeba ulipewa kimoja, jioni ukavirudisha upate ujira. Tulipata zaidi ya sitini. Vyake alivitia kwenye mkoba, mimi nikajaza mifuko ya suruali, yote minne. Tukaendelea kuchimba, hatukutazama nyuma.

Mguu wangu ndio ulioniambia. Maji yalikuwa kwenye kifundo, na pale kwenye ncha tulipopita, mawimbi yangempiga mtu kifuani. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Nikamtukana, nikamtukana na babu yake, Mungu anisamehe.

Jamaldin alikuwa akihesabu kwa vidole. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Yakhe, nimekosea," alisema. "Kwetu mwezi huu tuliuanza kwa tangazo la Makka, siku moja mapema. Babu alihesabu mwezi ulioonekana hapa. Nimezidisha siku moja."

Siku moja tu. Lakini maji huchelewa karibu saa nzima kila siku, na sisi tulikuwa tunakwenda na maji ya kesho.

Genge lilikuwa limetuinamia, halipandiki. Huko juu watu walikuwa wakicheka. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, hakuna aliyechungulia.

Maji yalipofika kiunoni Jamaldin akavua shati. Akaishika ile mashine kidogo juu ya maji, kisha akaiachia. Mkoba wenye shaba zake aliutupa bila kuutazama.

"Vua viatu, tupa kila kizito," akaniambia. "Shika mabega yangu, usinikabe shingo."

Nikavua viatu. Mkono ukaenda mfukoni, ukatoka mtupu. Tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo ninaijua tangu darasa la tatu.

Akanibeba kuizunguka ile ncha. Mara mbili tulizama. Mara ya pili nilihisi mwili wake ukilegea chini yangu, nikajua kwamba tunakufa, na kwamba yeye atatangulia. Nilitaka kuachia bega moja nimwage zile shaba. Mkono ulikataa kwa woga. Kisha akapiga teke, na goti langu likagonga jiwe.

Tulitambaa hadi kwenye ngazi. Jamaldin alitapika maji ya chumvi kwa muda mrefu, midomo imembadilika rangi, asiweze hata kujifuta. Nilikaa karibu naye nikimshika mgongo. Nilikuwa nimebana mapaja, shaba zisilie.

Alipoweza kusema, hakunilaumu kwa matusi wala kwa lolote. Alinitazama macho yamemwiva.

"Niwie radhi, Chengo. Nusura nikuue."

"Nimekusamehe," nikamwambia.